Nilivyouzika Mwalo wa Nyabusenyi kwa Kalamu

Ninyi mnaoniamkia shikamoo wakati sijaota hata mvi moja: marahaba, nawapokea. Najua mnanitania. Mstaafu wa miaka thelathini na nne! Lakini mtu aliyefanya kazi moja tangu ndevu hazijaota, na kazi yenyewe ikaisha kwa sababu bosi wake kaamua kutogombea tena, mtamwita nani? Mimi najiita mstaafu. Kiinua mgongo changu ni haya ninayowaandikia, ninyi mnaotaka kukaa kwenye meza za ofisi za wabunge. Mkiona yanafaa chukueni. Yasipofaa, fungieni maandazi.

Kazi yangu ilikuwa kumwandikia mbunge michango yake ya bungeni. Mheshimiwa wetu alikuwa mama, mwalimu wa shule ya msingi kabla ya siasa. Jimbo lake liko ng'ambo ya ziwa: unavuka na kivuko mpaka Kamanga, halafu unafuata ufukwe. Mimi nyumbani ni Kiseke, upande wa mjini, ila bibi yangu aliishi kule. Shule nimeishia kidato cha nne, na cheti chenyewe sikionyeshi wageni. Nilipata kazi kwa barua. Nilimwandikia Mheshimiwa kwa niaba ya bibi kuhusu bomba lililokauka: ziwa analiona akiwa mlangoni, maji ya kunywa anauziwa kwa dumu. Mheshimiwa akaniita, akaniambia, "Deusi, hujui kuweka vituo. Lakini hilo bomba nimeliona." Nikaanza Jumatatu.

Nilikuwa na ndoto, sikatai. Nilitaka siku moja na mimi nisimame pale. Nilikuwa nahutubia kuku wa mama uani: "Mheshimiwa Spika, naomba kuchangia hoja!" Jogoo mmoja alikuwa na tabia ya kunikatiza kila nikifika kwenye jambo la maana, nikampa jina la Naibu Waziri.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Dakika kumi za mchango si dakika kumi. Toa shukrani kwa Mungu, toa za familia, za chama, za wapiga kura, toa pole kwa waliofiwa. Zimebaki saba. Kengele ya kwanza ikilia, msomaji anaanza kukimbia. Ya pili ikilia, kipaza sauti kinazimwa hata kama neno liko katikati ya ulimi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mchango wa pamba. Nikaisifia ile pamba kuanzia inavyochipua, inavyochanua, mpaka inavyofika kwa mnunuzi, maneno matamu kweli, na ombi lenyewe, kwamba wakulima wapewe dawa ya wadudu mapema, nikaliweka aya ya mwisho ili lipendeze. Kengele ya pili ikalia tukiwa bado kwenye maua. Wakulima wakatusubiri mnadani. "Mheshimiwa, umetutungia shairi. Dawa iko wapi?" Tangu siku hiyo ombi naliweka juu kabisa, kabla hata ya shukrani ya pili.

Andika herufi kubwa, maana taa za ule ukumbi zinang'aa kwenye karatasi. Namba iandike kwa maneno. Usimwekee msomaji neno la kumkwaza. Mheshimiwa wetu alikuwa Msukuma kamili, akisema "balabala" badala ya barabara hakuna aliyecheka, nusu ya ukumbi wanatoka kwetu, lakini maneno marefu ya kitaalamu yalimtoa jasho. Tuliandika ya ng'ombe wanaovunjika miguu pale Usagara wakishushwa kwenye malori, tukaandika ya madawati, ya mamba aliyekuwa anawasubiri wafuaji. Yote alisoma vizuri kwa sababu yalikuwa mafupi.

Aliyenifundisha hayo mengi ni Mzee Ndaro, Mkerewe, karani mstaafu wa mahakama, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa ofisi yetu. Kila alichoandika alikiwekea tarehe na saa, hata kikaratasi cha kuagiza chai. Siku moja nikamcheka. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe mtoto, ukiona mtu amelala, unaandika nini?"

"Naandika amelala, mzee."

"Na kama ni saa nane usiku?"

"Si ndio muda wa kulala?"

"Basi hujaandika kitu. Mahakamani wangekula nyama yako."

Nikacheka tena. Vijana wangu, hapo ndipo mtu alikuwa ananipa dawa kabla ya ugonjwa, na mimi nikaona kijiko kichafu.

Jambo lenyewe ni la Nyabusenyi. Ni mwalo, yaani kambi ya ufukweni ya wavuvi wa dagaa, kwenye ncha ya rasi, mbali. Hawana zahanati. Mjamzito akishikwa na uchungu, barabara ni ya mawe, pikipiki huwezi kumpandisha, kwa hiyo wanampakia kwenye mtumbwi kwenda kituo cha afya. Ziwa likiwa limetulia ni mwendo wa saa moja na zaidi. Likichafuka, Mungu ndiye nahodha. Aliyetuletea habari hiyo ni Mama Kulwa, mwanamke anayeanika na kuuza dagaa pale, mdomo mkali, moyo laini. Alikuja ofisini na mkwewe, Nyamizi, binti mwembamba mwenye mimba changa.

"Huyu wa kwanza alimzalia majini," akasema. "Mtoto hakulia. Tulimzika hapohapo tulipofika. Sasa amebeba tena. Mheshimiwa aseme, na aseme mwaka huu, maana tumbo halisubiri mwaka wa fedha."

Nyamizi hakusema neno. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Nilipotoka kwenda kuwachukulia soda nilisimama nyuma ya mlango nikafuta macho. Nikaapa kwamba mchango huu utakuwa bora kuliko yote.

Nikaenda Nyabusenyi mwenyewe kuona. Kivuko, pikipiki, mguu. Nikafika mchana mweupe, na sikukuta watu. Vibanda vimefungwa kwa kamba. Chanja za kuanikia dagaa tupu. Mitumbwi imevutwa juu, imelala kifudifudi. Kunguru wanatembea kama wenye nyumba. Nikamwona mlinzi mmoja anashona wavu kivulini.

"Shikamoo mzee. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wameenda makwao."

Basi. Ndivyo alivyosema na ndivyo nilivyoandika. Nilihuzunika na, niseme ukweli, nilifurahi pia, maana sentensi ilikuwa imeshanijia: "Mheshimiwa Spika, kwa kukosa zahanati wananchi wamekimbia, Nyabusenyi umebaki mwalo wa kunguru na upepo." Nikairudia njia nzima nyuma ya pikipiki. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Mzee Ndaro aliisoma rasimu. "Ulienda lini?"

"Wiki iliyopita, mzee."

"Wiki iliyopita lini?"

Nikamwambia nitaweka tarehe baadaye. Sikuiweka. Miezi mitano baadaye, Bunge la bajeti lilipofika, Mheshimiwa akaondoka nayo kwenda Dodoma.

Siku ya mchango nilikuwa nyumbani Kiseke, redio iko dirishani, mama anachambua mchele. Mheshimiwa akasimama, akaomba zahanati mapema kabisa kama nilivyomfundisha, kisha akafika kwenye sentensi yangu. Akaisoma taratibu. Nikaruka juu, nikamkumbatia mama, mchele ukamwagika.

Nikasikia sauti ya mwanaume: "Taarifa, Mheshimiwa Spika."

Alikuwa Naibu Waziri, yule wa kweli, wa wizara ya afya. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha: "Nampa taarifa Mheshimiwa kwamba hata wataalamu wetu walipofika Nyabusenyi walikuta watu wachache sana, na ndiyo maana haimo kwenye mpango. Namshukuru kwa kutuunga mkono. Kama watu wamehama, Serikali haiwezi kujenga zahanati ya kunguru."

Wakacheka. Wakapiga meza. Mheshimiwa akaulizwa kama anaipokea taarifa hiyo.

"Siipokei!" Sauti yake ya ualimu. "Tatizo ni lilelile, watu wanakimbia kwa kukosa huduma. Kijana wangu amefika pale kwa miguu yake!"

Akasimama mbunge mwingine wa kanda yetu, akasema yeye alipita Nyabusenyi siku mbili zilizopita, mwalo umejaa mpaka pa kukanyaga hakuna. Sasa ukumbi ukawa na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Kiti cha Spika kikaamua: Mheshimiwa alete uthibitisho kwamba wananchi wamekimbia, au afute kauli yake, kabla ya wizara ile kupitishiwa fedha keshokutwa jioni. Akishindwa, aende Kamati ya Maadili.

Simu yangu ikalia kabla hata mama hajamaliza kuokota mchele. Mama Kulwa.

"Deusi! Ni wewe uliyetuzika?"

"Mama, mimi nilikuja, nikakuta hamna mtu..."

"Ulikuja lini?"

Nikamtajia siku.

Akatoa kicheko kisicho na raha. "Mtoto wa mjini wewe! Ulikuja mbalamwezi!"

Wenzangu wa mjini, eleweni. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, dagaa hawaji. Wavuvi wanafunga nyavu, wanaenda makwao kulima, kuoa, kulala. Giza likirudi, wanarudi wote na wake na watoto. Kila mtoto wa ufukweni anajua. Mimi nililiona ziwa lile kila asubuhi ya maisha yangu, na sikujua. Yule mlinzi hakunidanganya. Nilitakiwa kumuuliza swali moja zaidi: watarudi lini?

Nikampigia Mheshimiwa.

"Mama, nimekosea."

"Wapi?"

"Kwenye mwezi."

Nikamweleza. Nilisubiri matusi. Nikasikia watu wakipita nyuma yake kwenye korido.

"Wale wataalamu wa wizara nao," akasema, "walienda lini?"

"Sijui, Mama."

"Kajue. Kesho uwe Nyabusenyi. Niletee watu, Deusi, si maneno. Keshokutwa jioni nitashika shilingi."

Kushika shilingi mnakujua? Fedha za wizara zinapopitishwa, Bunge likiwa limekaa kama kamati na Spika akiitwa Mwenyekiti, mbunge asiyeridhika hutamka kwamba anauondolea mshahara wa waziri shilingi moja. Waziri halali njaa kwa hilo. Ni namna ya kuweka mguu mlangoni: hupiti mpaka unijibu.

Nilivuka na kivuko cha kwanza. Saa tano asubuhi niko Nyabusenyi, na kweli sikupajua. Watu! Mitumbwi imetoka majini, dagaa wametandazwa wanameta, wanawake wanawageuza kwa fagio, watoto wanakimbizana, muuza chapati anagombana na muuza vocha. Nilipoonekana tu, mmoja akapaza sauti: "Jamani, mazishi yamefika!"

"Mkaribisheni, tumpe sanda yake!"

"Kijana, mimi kunguru au upepo? Niambie nijue ninavyolipa kodi!"

Nikaomba radhi. Mara moja, mara tatu. Nikamwendea mwenyekiti wa mwalo, nikamwomba daftari la mitumbwi lenye majina ya wavuvi wote wa giza hili. Akalikalia, kwa maana halisi ya kukalia.

"Hilo halitoki."

"Mwenyekiti, ni uthibitisho wa bungeni."

"Hasa ndiyo maana. Leo Bunge, kesho doria. Kuna wenye leseni iliyoisha humu, kuna wenye nyavu ninazozijua mimi na Mungu. Jina likiandikwa linapajua pa kwenda."

Wavuvi wakamuunga mkono. Nikabembeleza mpaka saa nane. Nikakaa kwenye jiwe, nikaona kwamba nimemuua Mheshimiwa, na kwamba Nyamizi atapanda mtumbwi tena kwa sababu ya kalamu yangu. Na Nyamizi mwenyewe alikuwa pale, tumbo limeshakuwa kubwa, anageuza dagaa. Akaja akanipa kikombe cha uji. Hicho kikombe kilinichoma kuliko matusi yote.

Mama Kulwa akaja nyuma yake, mikono kiunoni.

"Unalia?"

"Hapana, mama. Moshi."

"Moshi uko wapi? Futa uso, toa karatasi. Wanaume wana nyavu za kuficha. Sisi tuna nini cha kuficha? Tuandike sisi. Zahanati yenyewe wanaihitaji wenye matumbo, si wenye mitumbwi." Akageuka, akapiga kelele ambayo nadhani hata Kamanga waliisikia: "Wanawakeee! Kila mtu na watoto wake hapa! Dagaa hawataondoka, wamekufa hao!"

Wakaja. Wakapanga mstari kwenye mchanga. Jina, umri, watoto anaolala nao pale giza likiwepo. Wasiojua kuandika wakaweka dole gumba kwa masizi ya sufuria. Mwanamke mmoja aliyenitukana asubuhi alitaja watoto sita, akanichungulia: "Umeandika sita kweli, au umeweka kunguru?" Kila karatasi nikaiwekea juu tarehe, saa, na neno GIZA kwa herufi kubwa. Na hapo nikakumbuka kuuliza: wale wataalamu wa wizara walikuja lini? Nikajibiwa na yule mlinzi mshona wavu, polepole kama kawaida yake: "Walikuja mbalamwezi. Waliniuliza kama wewe."

Mtandao ulipatikana juu ya mwamba tu. Nikapanda, nikapiga picha karatasi kumi na moja, nikazituma moja moja. Ya tisa ilizunguka hadi nikafikiri nitazeeka pale.

Siku ya pili sikuondoka. Niliona aibu kuondoka. Jioni ilipofika, wavuvi wakawa wameshaweka taa kwenye mitumbwi, lakini hakuna aliyesukuma. Redio ya muuza chapati iliwekwa juu ya ndoo, na mwalo mzima ukaizunguka. Hata mwenyekiti alisogea, daftari kwapani.

Mheshimiwa akasimama. Hakuanza na shilingi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, juzi nilisema wananchi wa Nyabusenyi wamekimbia. Si kweli. Naifuta kauli hiyo. Ofisi yangu ilikosea, na ofisi yangu ni mimi."

Mtu mmoja bungeni akazomea. Nilitazama chini, nikahesabu vidole vyangu vya miguu. Hakunitaja. Mpaka leo hajawahi kunitaja.

"Nilihesabu mwalo wa dagaa wakati wa mbalamwezi. Ni sawa na kuhesabu wanafunzi wakati wa likizo. Na wataalamu wa Mheshimiwa Waziri nao walihesabu mbalamwezi vilevile. Mimi nimefuta yangu. Naomba na wao wafute yao. Hapa nina majina ya akina mama na watoto wao, wameandikwa gizani. Naishika shilingi."

Waziri akajibu vizuri, kwa maneno mengi: Serikali sikivu, suala limepokelewa, litafanyiwa kazi, anamwomba Mheshimiwa arudishe shilingi.

"Usirudishe!" Mama Kulwa akaiambia redio.

"Mama, hasikii huyo," nikamwambia.

"Nyamaza wewe, ulishaongea vya kutosha. Usirudishe, mwanangu!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," sauti ya Mheshimiwa ikaja, "litafanyiwa kazi lini? Watarudi kuhesabu mbalamwezi au gizani?"

Kicheko kikapita ukumbini, lakini safari hii hakikuwa kile cha juzi. Waziri akasema: "Gizani. Giza linalofuata. Na idadi ikitosha, itaingia kwenye mpango wa mwaka huu."

"Hapo narudisha shilingi."

Mwalo ukalipuka. Muuza chapati aligawa mbili bure, akajuta. Wavuvi wakasukuma mitumbwi wakiimba, na mwenyekiti alipita karibu yangu, akanipiga begani kwa lile daftari.

Msidhani nilishinda. Nyamizi alishikwa na uchungu kabla ya giza lililofuata, na zahanati ilikuwa bado ni neno la redio. Walimpakia kwenye mtumbwi, ziwa limechafuka. Alijifungua katikati ya maji, mikononi mwa Mama Kulwa. Safari hii mtoto alilia. Ni wa kike.

Wahesabuji walikuja giza lilipoingia, kama walivyoahidi, na Mheshimiwa akanituma niwasindikize. Kuta za zahanati leo zimefika usawa wa madirisha, lakini mimi ninachokikumbuka ni asubuhi ile. Afisa alikuwa kijana kama mimi, msafi, na fomu zenye visanduku. Akafika kibanda cha Nyamizi, akamwona mtoto mgongoni.

"Huyu amezaliwa wapi? Kituo cha afya, au nyumbani?"

"Mtumbwini," akasema Nyamizi. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake.

Afisa akatazama fomu. "Mama, hapa kuna visanduku viwili tu. Kituo, au nyumbani."

"Mtumbwini."

Akageuza karatasi, akaandika pembeni kwa mkono, mahali pasipo na mstari. Akaenda kibanda cha pili. Mtumbwini. Cha tatu: wawili, wote mtumbwini. Tulipofika cha nne alisimama mlangoni, akachukua rula kutoka kwenye mkoba wake, akaichorea ile fomu kisanduku cha tatu kabla hajabisha hodi.